Msimu wa Vijiko

Alhamisi, 2 Aprili 2020

Jambo hili sijamwambia mtu: kila mchana ninakula sahani mbili. Ya kwanza ni yangu. Ya pili ni ya Bibi.

Nyumbani kwetu sasa watu wanajibana. Mama anapimia mchele kopo la nyanya badala ya bakuli la udongo. Kaka yangu Pathé analamba kijiko mbele na nyuma. Mimi peke yangu ndiye ninayelala nimeshiba. Jana Mama alinishika shavu akasema, "Afadhali wewe Ngoné, umenawiri. Korona imekupenda." Nikatazama miguu yangu. Mimi ni mtu wa kutazama miguu yangu.

Yote yalianza na vijiko. Baba ni dereva wa basi la kutoka mji wetu huu wa Kaolack kwenda jijini Dakar. Barabara za mikoani zilipofungwa, basi likaegeshwa gereji na Baba akaegeshwa uani na redio yake. Kila asubuhi anasikiliza hesabu: waliopimwa, waliougua, waliofariki. Wiki iliyopita aliingia jikoni, mahali ambapo sijawahi kumwona, akamkuta Mama amepakua wali kwenye sinia letu kubwa kama kawaida, samaki katikati, karoti na kabichi pembeni.

"Leo mwisho," akasema. "Kila mtu sahani yake na kijiko chake. Mkono marufuku. Na Mama yangu atakula chumbani kwake, peke yake. Wazee ndio wanaokufa."

"Baba Pathé, tutakula kama wageni wa hotelini?"

"Tutakula tukiwa hai."

Bibi ni mama yake Baba. Alikuwa amekwisha nawa. Alikaa pale mkekani, mkono wa kulia umelowa, akingoja sinia ambalo halikuja.

Tangu nizaliwe, samaki wa nyumba hii anavunjwa na Bibi. Anaingiza vidole katikati ya sinia, anatenga nyama na miiba, anamsukumia kila mtu kipande upande wake, na hakosei. Mimi niliye mdogo kuliko wote kazi yangu ilikuwa kushika ukingo wa sinia kwa mkono wa kushoto lisiteleze, macho chini, mdomo umefungwa. Kazi hiyo niliipenda. Sasa hakuna ukingo wa kushika. Sasa nampelekea Bibi sahani hadi mlangoni kwake, naiweka juu ya kigoda, kisha narudi kuichukua.

Siku ya kwanza niliikuta kama nilivyoiacha. Bibi akaninong'oneza, "Somo, nimeshiba. Nimalizie, mama yako asije akahuzunika." Ananiita somo kwa kuwa nimepewa jina lake. Nilikuwa na njaa. Nikajibanza nyuma ya pazia lake nikala. Tangu hapo ndivyo ilivyo, yeye anashindia chai na mkate wa asubuhi, na kila siku najiambia kwamba ni utii.

Ijumaa, 3 Aprili

Joto. Wali na samaki wadogo wa miiba mingi, maana wakubwa bei yao haikamatiki. Sahani mbili.

Jumapili, 5 Aprili

Nyumba hii ina vita vya zamani. Sisi ni akina Ndiaye, Bibi ni Diop kwa kuzaliwa, na Ndiaye na Diop ni watani. Kila mmoja humwita mwenzake mlafi wa wali, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Pathé hawezi kupita mlangoni kwa Bibi bila kumchokoza.

"Wewe Diop! Umebakiza hata punje?"

"Ndiaye akiuliza habari za chakula," Bibi akajibu kutoka ndani, "kalia sufuria."

"Siku atakayoshiba Diop, bahari itakauka!"

"Na siku atakayonawa Ndiaye kabla ya kula, nitakufa kwa mshangao."

Hata Baba alicheka ndani ya barakoa. Mimi nina haki ileile ya kumtania Bibi, ila sijawahi kuitumia. Maneno hunijia baadaye, watu wakishaondoka. Shuleni kwetu asubuhi tunasoma kwa Kifaransa, alasiri kwa Kiarabu, na mwalimu mmoja aliwahi kusema kwamba Ngoné Ndiaye ananyamaza vizuri katika lugha zote mbili.

Alhamisi, 9 Aprili

Bibi amekwamwa na mwiba. Nilikuwa natoka mlangoni nikasikia sauti kama ya mlango mkavu unaofunguliwa. Alikuwa ameshika koo, kijiko kimeanguka. Baba alisimama katikati ya ua, hasogei mbele wala nyuma, anapiga kelele: "Kunywa maji, Mama! Ngoné, usimkaribie! Mama, geuza uso ukutani!" Mama ndiye aliyevuka ua na kipande cha mkate mkavu. Bibi alikimeza kizima, akatulia. Lakini tangu mchana anakohoa.

Nilipokwenda kufagia niliona kitu ambacho sikukifahamu. Wali ulikuwa umemwagika mkekani, chini ya mkeka, hadi kwenye mkunjo wa shuka. Bibi, ambaye hajawahi kudondosha punje. Sisimizi walikuwa wameshapanga mstari.

Jumapili, 12 Aprili

Leo nimejua.

Misikiti imefungwa, kwa hiyo Bibi anasoma msahafu chumbani kwake mchana. Nilifika na sahani, Baba amesinzia kitini. Bibi alikuwa anasoma Yasini, sauti tamu ingawa imeparuzika kwa kikohozi. Nikasimama nisimkatize. Macho yangu yakaangukia ukurasa. Haikuwa Yasini. Ilikuwa sura ile ambayo aya moja inajirudia, inajirudia ukurasa mzima, hata mtoto anaitambua kwa mbali. Bibi akalowesha kidole ulimini, akafunua ukurasa, akaendelea na Yasini.

Nikaingia. Baba amekataza, lakini niliingia. Nilisimama karibu kabisa naye na akaendelea kusoma, mpaka sahani ilipogonga kigoda.

"Nani?"

"Mimi, Bibi." Kisha nikasema, sijui nilipata wapi ujasiri, "Hiyo si Yasini."

Alifunga msahafu taratibu. "Shusha pazia."

Nikashusha.

"Jicho la kushoto liliondoka na babu yako," akasema. "La kulia limeondoka na mvua za mwaka jana. Naona mwanga. Naona mtu kama nguo iliyoanikwa."

"Lakini samaki ulikuwa ukivunja, Bibi. Hata mwezi uliopita."

"Samaki havunjwi kwa macho. Vidole vyangu vilikuwa vinamwona. Sinia nalijua kama nyumba niliyozaliwa. Najua mama yako anaweka wapi karoti, wapi ukoko. Sasa baba yako amenipa kijiko. Kijiko ni kipofu, somo. Nikikiweka kando nikatumia mkono, yeye anapiga kelele kutoka uani, mkono, Mama, mkono! Nitamwambia nini?"

"Tumwambie ukweli. Atakuruhusu mkono."

Alinidaka kifundo cha mkono. Ana nguvu bado.

"Dada yangu alipopofuka, mkwewe alimlisha kama kifaranga. Watu waliongea juu ya kichwa chake kana kwamba ni gunia la karanga. Anayevunja samaki ndiye mwenye nyumba. Anayevunjiwa ni mtoto. Na baba yako akijua, atanikimbiza hospitali, na wakati huu nani anakwenda akarudi? Apa kwamba hutasema."

Niliapa, mkono juu ya msahafu.

Kisha akanisogezea sahani. Nilitaka samaki asipite kooni. Alipita.

Jumatatu, 13 Aprili

Sahani mbili.

Jumatano, 15 Aprili

Nilijaribu njia ya kuzunguka. Kabla ya kupeleka sahani nilijificha nyuma ya mtungi wa maji nikaanza kuchambua miiba ya samaki wa Bibi kwa vidole. Sikuwahi kuvunja samaki maishani mwangu. Nilimfanya kama mtu aliyekanyagwa. Mama akanifuma.

"Ngoné! Unatia vidole kwenye chakula cha Bibi yako? Unataka kumuua?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Njaa gani hiyo isiyokuwa na haya? Na wewe ndiye mnene kuliko wote humu ndani!"

Sahani ile alipewa kondoo wetu wa uani. Bibi alipelekewa nyingine, samaki mzima, kijiko juu yake.

Ijumaa, 17 Aprili

Kikohozi kimefika mahali ambapo unakingojea. Bibi akinyamaza kidogo, nyumba nzima inaacha kufanya inachofanya.

Leo Mama alikuwa anafua gauni la Bibi. Akaliinua, akamwonyesha Baba. "Lilikuwa linambana. Sasa anaelea ndani yake."

"Anakula?"

"Sahani inarudi nyeupe kila siku. Huna haja hata ya kuiosha."

Baba akapunguza redio. "Anakula vyote, na anakonda. Anakohoa. Ana joto?"

"Kaolack hii nani hana joto?"

"Sikutanii, Coumba."

"Wala mimi sitanii."

Nilikuwa napepeta mtama hatua chache kutoka kwao. Kila sahani niliyoisafisha kwa mdomo wangu imekuwa shahidi dhidi ya Bibi, na shahidi haulizwi mara mbili.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimerudisha sahani ya Bibi ilivyo, haikuguswa. Nilidhani itamsaidia. Mama aliitazama, akaita, "Baba Pathé, njoo uone. Sasa hata kula ameacha."

Jumapili, 19 Aprili

Nitaandika pole pole, nisiruke kitu.

Asubuhi Baba alipiga ile namba inayotangazwa redioni. Alisimama mbali nasi, akisema ndiyo, ndiyo, ni mama yangu mzazi, ndiyo, umri mkubwa. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. "Watakuja baada ya sala ya adhuhuri. Watamtazama, na wakiona inafaa watamchukua."

Mtaa wa pili walimchukua seremala mmoja. Alitembea mwenyewe hadi kwenye gari. Waliomzika ni watu waliovaa nguo nyeupe hadi usoni, na mkewe hakuruhusiwa kumwosha.

Nilikimbilia mlangoni kwa Bibi. Alikuwa amekwisha sikia. Anavaa gauni lake la sikukuu, lile la buluu, anatafuta tundu la mkono.

"Bibi, niache niseme."

"Uliapa."

"Watakuchukua!"

"Waje. Nikienda kwa ugonjwa, nitakwenda mtu mzima. Nisaidie kilemba."

Nilimfunga kilemba. Nilikuwa nalia na yeye hakujua, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Adhuhuri tulikuwa wote uani. Bibi juu ya kiti cha plastiki, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Baba karibu na geti. Mama amekaa chini amejishika kichwa. Majirani walikwisha pata habari. Vichwa vilikuwa vimepangana juu ya ukuta kama vyungu sokoni, barakoa zimeshuka videvuni ili waone vizuri. Pathé alijaribu kuchangamsha watu, maskini. "Haya Diop, unakwenda kumaliza wali wa serikali?" Bibi hakujibu. Diop ambaye hamjibu Ndiaye. Pathé akageuka ukutani.

Tukasikia gari linapinda kona.

Sijui ni miguu ya nani iliyonisimamisha. Nilichokijua ni kwamba mjukuu hawezi kusimama mbele za watu akamfedhehesha bibi yake. Lakini Ndiaye anaweza kumwambia Diop lolote, mahali popote, na Diop hana haki ya kukasirika.

"Wewe Diop!" Sauti ilitoka nyembamba, ikapasuka. Wote wakageuka. Mama aliinua kichwa. "Diop mlafi! Unatoroka na deni la watu? Unakwenda hospitali kufanya nini, na hujala tangu sinia liondoke humu ndani? Nitazameni! Mimi ndiye niliyekula sahani zake zote, kila siku, mpaka nimevimba kama chura. Diop gani huyu anayeshindwa na kisamaki cha kidole kimoja? Hakohoi ugonjwa, anakohoa mwiba! Diop anaogopa samaki kwa sababu hamwoni. Haoni samaki, haoni kijiko. Hata wewe, Baba, hakuoni."

Pathé alianza kucheka, kwa mazoea tu, akakatiza katikati.

Gari lilikuwa limesimama nje ya geti. Hakuna aliyekwenda kufungua. Baba aliondoka getini, akaja kwa upande, miguu peku, bila sauti. Alisimama mbele ya Bibi karibu kuliko alivyosimama tangu sheria zake zianze.

"Mama," akasema, "nipe mkono."

Lakini alipomaliza kusema alikuwa amesogea tena. Bibi alinyoosha mkono kwa heshima yake yote, moja kwa moja, kama malkia, kuelekea mahali ambapo sauti ilikuwa. Mkono ukabaki hewani. Vidole vikafunguka kidogo, vikatafuta.

Baba alizunguka mpaka kiganja chake kikawa chini ya kile cha Bibi, akakiacha kikashuka chenyewe.

Pathé akafungua geti. Wahudumu wa afya walioingia walikuwa wawili, mmoja mwanamke. Baba aliwaeleza. Walichukua kipimo puani, kisha yule mwanamke akamulika tochi kooni kwa Bibi kwa muda mrefu. "Hapa pamechanika, Mama. Umekaa na mwiba huu siku ngapi?" Akauchomoa kwa kibano. Waliondoka bila yeye. Majibu, walisema, tungoje.

Kwa sheria ya utani Bibi hakuweza kunikasirikia. Aliponipita akielekea chumbani, mkono begani kwa Baba, alisema, "Kumbe Ndiaye huyu ana ulimi. Pole yetu sote."

Watu wa ukutani walicheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 23 Aprili

Wamepiga simu. Hana ugonjwa. Baba alizima redio, akakaa kidogo, akaiwasha tena.

Sheria mpya: sahani na vijiko vinabaki, ila Bibi atakula kwa mkono, nami nitakula naye sahani moja chumbani kwake, sisi wawili tu, mlango wazi. Mama ndiye aliyeamua. Alimwambia Baba, "Hii sikuombi," na Baba akatazama basi lake ambalo halipo.

Kwa hiyo sasa samaki navunja mimi. Bibi anakula ninachomwekea. Haongei. Tangu Jumapili haniiti somo, ananiita wewe.

Jumamosi, 25 Aprili

Ramadhani imeingia. Bibi ana ugonjwa wa sukari; alitaka kufunga, Mama kamkatalia. Mchana nilimvunjia samaki nikiwa na saumu, mate yamekauka, vidole vinanuka mafuta. Baba alisema kutoka uani kwamba hali ikitulia kuna madaktari wa macho wanaoweza kutoa utando. Bibi aligeuza uso ukutani. Ilikuwa zamu yangu kusema kitu. Nikatazama miguu yangu.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimeacha mwiba kwenye samaki wa Bibi. Aliutoa mdomoni, akautafuta mkono wangu, akauweka kiganjani.

Jumatano, 29 Aprili

Joto la leo limewanyamazisha hata kondoo.

Mchana niliingia na sahani, nikanawa, nikamnawisha. Nilipotaka kuanza kuvunja, mkono wake ukatangulia. Alinisukuma kifundo pembeni, si kwa hasira, kama mtu anayesogeza pazia. Akamshika samaki, vidole vikamtembelea kutoka mkiani hadi kichwani, akamfungua kwa mkupuo mmoja. Uti wa mgongo ukatoka mzima. Nilishusha pumzi bila kutaka.

Nyama ya tumbo akajiwekea. Nyama ya mgongo, ile nzuri, akaisukuma upande wangu. "Utamla jua likizama," akasema. "Mwambie mama yako akufunikie."

Maneno yake ya kwanza marefu kwangu tangu siku ile. Lakini sahani si sinia. Ukingo wake uko karibu. Kipande kilianguka mkekani. Alisikia kilivyoanguka. Mkono wake ukasimama.

Wiki mbili zilizopita ningekiokota kimyakimya na kujifanya sikuona. Leo nilimeza mate ambayo sikuwa nayo, nikasema, "Kulia kwako, Bibi. Karibu na goti."

Nilidhani nimeharibu kila kitu. Kisha mkono ukaenda kulia, ukashuka gotini, ukakiokota, ukakipangusa.

"Sinia lako lina mipaka midogo," akasema. Akala kile kilichoanguka yeye mwenyewe, na kunikatia mimi kingine.

Sasa jua limeinama. Mama anakoroga uji, Pathé anahesabu tende kwa macho. Nimejifungia niandike kabla ya adhana. Daftari hili naliandika kwa lugha yetu ya nyumbani lakini kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu Baba na Pathé wanajua za Kifaransa tu, na Mama hajui zozote.

Nasikia miguu ukumbini. Si ya Mama, yake ni ya haraka. Kiganja kinapangusa ukuta, kinasimama penye mwimo wa mlango wa Pathé, kinaendelea.

"Mama, unakwenda wapi?" sauti ya Baba. "Nije nikushike?"

"Kaa hapo hapo. Nimeuliza njia?"

Anakuja kwangu. Sijui kama anakuja kunigombeza au kufuturu nami. Mtu pekee nyumba hii ambaye angeweza kuzisoma herufi hizi ni yeye. Alinifundisha alifu kabla ya shule. Ameshafika mlangoni, na mimi naufunika ukurasa kwa kiganja cha kushoto, kana kwamba bado anaona